Mistari ya Blanketi

Malineo alikuwa amefika kwenye goti la kushoto la Ntate Ramakatsa, baba wa nyumba hiyo, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mkononi, mzee alipouma meno. Akasubiri. Saratani ilikuwa mfupani, na chupa ya mofini, dawa ya kutuliza maumivu, ilikuwa imekauka. Mofini nyingine ilikuwepo kabatini, zahanati. Daktari wa kuitia sahihi ndiye hakuwepo.

Puseletso, mke wa mwana wa mzee, alikaa nje ya mlango. Mkwe hamwogeshi baba wa mumewe, ndiyo maana Malineo, mhudumu wa kujitolea, alipanda mlima kila siku.

Siku hiyo, kwa uchovu, alimfunika mzee blanketi mistari ikiwa imelala. Kwa desturi yao, mistari ya blanketi husimama wima juu ya mwili. Ikilala, huzuia kukua. Alipotaka kulirekebisha, mzee alikuwa usingizini. Maumivu yalikuwa yamekoma kukua. Akaliacha.

Mwezi ukapita. Ndevu za mzee hazikuhitaji wembe, kazi moja ikapungua. Unga wa mkate haukuumuka. Mahindi ya nje ya dirisha yalibaki usawa wa kifundo cha mguu.

"Mme Malineo," Puseletso akasema mlangoni, akimwita mama kwa lugha yao, mkono tumboni. "Mkunga kapima. Mtoto hajaongezeka hata kidole."

"Anacheza?"

"Anacheza. Palepale."

Mzee alisikia. "Kumbe namlalia mjukuu. Geuza blanketi, mama."

"Ntate, mofini bado."

"Huyo daktari wenu anakuja kwa konokono? Geuza. Nimeshampa jina langu, na ni refu. Akizaliwa mdogo hivi litamwangusha."

Malineo akaligeuza. Kufikia adhuhuri unga ulikuwa umeumuka hadi kumwagika nje ya bakuli, na mzee alikuwa akitafuna pindo la blanketi ili asilie.

Puseletso alivumilia kusikiliza hadi akashindwa. "Lilaze kidogo, Mme. Saa moja. Mtoto ataidai saa hiyo kwangu."

"Saa nzima? Nusu," mzee akasema kwa shida.

Wakakubaliana nusu saa, mara mbili kwa siku.

Malineo alishuka zahanati. Muuguzi alimwonyesha chupa kupitia kioo cha kabati, zimepangwa vizuri. "Sahihi, mama. Labda Alhamisi."

Aliporudi, alilaza mistari, akakaa akitazama saa. Mzee akalala. Nusu saa ilipotimia aliisimamisha tena, taratibu, akamwaga maji ya kuogea yaliyokuwa yamepoa. Mguu wa kulia haukuwa umeoshwa. Angeanzia hapo kesho.