Zamu ya Dume

Jike alikuwa amezaa. Mtunza panya wa maabara alifunua kizimba taratibu, akaona watoto wekundu, wasio na hata manyoya, wakijipenyeza tumboni mwa mama yao. Alikifunika tena bila kutabasamu.

Jike huyohuyo alikaa miezi na dume wa kwanza, asishike mimba. Mtafiti, mama mpole asiyependa makelele, hakumlaumu jike. Alisema tu, "Mhamishie kwa dume mwingine tuone." Sasa walikuwa wameona.

"Kwa hiyo tatizo ni yule dume," mtunza panya alisema.

"Ndiyo. Mbegu za kiume zinapotengenezwa, DNA hukatikakatika, na kuna jeni ambazo kazi yake ni kuiunga. Vipimo vinaonyesha yule amezaliwa na jeni moja mbovu. Mbegu zake zinakufa kabla hazijakomaa."

"Lakini mbona ana nguvu? Anakula, na majike anawapanda kama kawaida!"

"Ndugu yangu, nguvu ni kitu kingine kabisa."

Mtunza panya alicheka kidogo. Kazini walimwita Baba Panya, naye akaitikia kwa bashasha, maana huo ndio ubaba pekee aliokuwa nao. Mkewe alikuwa amepimwa, akapimwa tena, na kila mara akaambiwa hana kasoro. Yeye alipoitwa kupimwa, alitoa udhuru. Aliogopa, basi. Mwanamume mzima, ndevu zote zile, aliogopa jibu.

Jioni alimkuta mama yake sebuleni, mkoba mapajani. Mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Mwanangu, nimesubiri vya kutosha," mama alisema. "Mkeo arudi kwao kwanza. Tutakutafutia mwingine."

"Haendi popote, mama." Alivuta kiti akaketi mbele yake. "Kesho naenda kupimwa mimi."

"Upimwe nini? Mzima wa afya, hujawahi hata kulazwa!"

"Kuna dume kule kazini naye ni mzima hivyohivyo. Hazai."

"Leo unajifananisha na panya?"

"Leo ndiyo, mama."

Jikoni vyombo viliacha kugongana. Mkewe akatokea mlangoni, mikono imejaa povu.

"Nitakusindikiza," alisema.

Asubuhi walikaa bega kwa bega kwenye benchi la zahanati. Muuguzi alitokea na kikopo cha plastiki, akauliza ni nani anayepimwa. Mke ndiye aliyesimama, kwa mazoea. Mume akamshika mkono, akamkalisha polepole, akainuka yeye.