Mwanamke Asiyeweza Kuinama

Kikosi cha mpaka kilipotangaza kazi, kilitaka vijana waaminifu, wenye meno kamili, wasiozidi miaka ishirini na mitano, na wasio na ndugu yeyote aliyewahi kukamatwa kwa magendo. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa mwenyekiti wa kijiji. Nililisoma mara mbili, kisha nikacheka hadi nikatafuta pa kukaa. Hapa Bwera, mpakani, mtu asiye na ndugu wa magendo ni yule aliyehamia jana, na hata huyo mpe wiki mbili.

"Mama, unacheka nini?" binti yangu Ithungu akaniuliza. "Nina sifa zote."

"Unazo," nikamjibu. "Mimi sijawahi kukamatwa."

Na ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa nimevuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na kurudi na vitenge. Sisemi nilivibeba. Nilivivaa. Unajifunga cha kwanza kiunoni, cha pili juu yake, hadi sita au saba, kisha unateremsha gauni pana juu ya vyote na kupita mbele ya serikali ukiwa mama mnene mwenye heshima zake. Ukishapita unaingia nyumba ya rafiki na kutoka umekonda. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi si mwizi, ndiyo maana nilipewa miaka kumi na tisa.

Vitenge hivyo ndivyo vilivyomsomesha Ithungu. Alipokuwa na miaka kumi alikuwa akikaa nami kando ya barabara, akitazama wanawake wanavyotoka mpakani, na kuniambia nani amevaa mzigo na nani ameshiba tu. Hakukosea. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ila huyu alitaka kuwa mlinzi wa kuku.

Alikuwa amejaribu mara mbili. Mara ya kwanza walimrudisha kwa ajili ya kovu la mguuni, kana kwamba walitaka kumuoa. Mara ya pili orodha ya waliofaulu ilibandikwa kabla mbio hazijaisha. Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho, maana mwezi wa tisa angetimiza ishirini na sita. Baada ya hapo angebaki nami, akijifunga vitenge mpaka mgongo umgomee kama ulivyonigomea mimi. Hilo nililiogopa kuliko askari wote wa getini.

Basi tukaanza kukusanya uaminifu wake kwa maandishi. Mwenyekiti Kosiya alituandikia barua kwamba sisi ni familia inayojulikana kwa kuheshimu sheria. Aliiandika akiwa amevaa shati la kitenge nililomletea mwenyewe. Fomu iliuliza jina la mama, Ithungu akaandika Enid, jina langu la ubatizo, ambalo hakuna anayelijua ila mchungaji. Kila siku naitwa Mbambu. Sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa nne ni Mbambu, wa tano ni Ithungu. Simama sokoni siku ya soko uite "Mbambu!" uone watakaogeuka.

Nilimsindikiza Kasese kwenye mchujo. Jua la Kasese halina adabu, na tulilipokea tangu asubuhi uwanjani. Walipimwa urefu, wakafunuliwa midomo, wakakimbizwa. Vijana wa Mahango, waliozoea kupanda mlima na gunia la kahawa kichwani, walimaliza mbio kabla afande hajakipata kipenga chake. Kijana mmoja wa Katwe alikataliwa kwa sababu mikono yake imechubuliwa na chumvi ya ziwani. Walisema mlinzi wa mpaka anatakiwa awe na viganja safi. Vya kupokelea nini, hawakusema.

Kisha yakaja mahojiano. Mkuu wa meza alikuwa Afande Amoding, mwanamke mrefu kutoka Teso anayeishi kambini, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Wazazi tulikuwa nje, na dirisha lilikuwa wazi. Mungu awabariki wanaojenga ofisi zisizo na vioo.

"Mtu ya magendo," Amoding akamuuliza kijana mmoja aitwaye Benon, "utajua yeye namna gani?"

"Nitaomba kitambulisho, afande."

Nilijiziba mdomo kwa leso. Ikaja zamu ya Ithungu, swali lile lile.

"Hawezi kuinama, afande," akasema binti yangu. "Mwanamke akivaa kitenge sita, kitu ikianguka chini, anaiacha ama anaomba mutu amuokotee. Na asubuhi ya baridi, shingo yake inatoa jasho."

Amoding akaiweka kalamu mezani.

"Nani nafundisha wewe hiyo?"

"Macho yangu, afande."

Sijui nilihisi nini zaidi pale nje, fahari au hasira. Siri ya miaka kumi na tisa, ambayo sikumwambia hata marehemu mume wangu, mtoto ameigawa kwa serikali bure! Lakini alipata alama za juu, akapewa fulana nyeupe yenye namba kumi na moja, na wote wakaambiwa mtihani wa mwisho utafanyika getini, Bwera, siku ya Ijumaa.

Jumanne, siku ya soko, mimi nikavuka zangu. Jamidah, mwenye duka Kasese, alikuwa akisubiri vitenge saba, na njia yangu ya panya ilikuwa imefungwa na mto Lhubiriha uliofurika. Nikaona si neno, nitapita getini kama wenye pasi. Nilichokuwa sijui ni kwamba katika nchi hii, ambamo kila kitu cha serikali huchelewa, kikosi cha mpaka siku hiyo kiliamua kuwahi kwa siku tatu. Vijana walipigiwa simu asubuhi ili wasijitayarishe. Mimi nilikuwa tayari Kasindi, najifunga cha tano.

Nilipokuwa narudi niliona kwa mbali vijana wenye fulana nyeupe zenye namba. Wanawake wenzangu wenye mizigo waliwaona pia, wakageuza wakaenda kunywa chai. Mimi, kwa kuwa mtihani ulikuwa wa Ijumaa, nilidhani ni watu wa mbio za hisani. Ndivyo ufundi unavyompumbaza mtu: miaka kumi na tisa bila kukamatwa, ukadhani kila fulana imekuja kukimbia. Nilipogundua, nilikuwa tayari katikati ya kamba za foleni, na nyuma yangu watawa wawili.

Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Kila kijana alipewa robo saa getini. Amchague mtu mmoja mwenye magendo. Akimpata, kazi ni yake. Akikosea au asipomwona mtu, arudi kwao. Benon alikuwa ndiyo kwanza amemaliza zamu yake. Alimchagua mama mmoja Mkongo mwenye tumbo kubwa, na tumbo lilikuwa mimba halisi.

"Ee, petit!" yule mama alikuwa bado anafoka. "Unatafuta nini kwa tumbo yangu? Iko mutoto, haiko bido, dumu ya mafuta!"

Akaitwa namba kumi na moja.

Ithungu aliniona. Macho yake yalitoka usoni kwangu, yakashuka kiunoni, yakapanda tena. Nilijua ameshahesabu.

"Pita, mama," akasema kwa Kikonzo.

Nikapita. Sijawahi kupita geti kwa urahisi namna ile, na sijawahi kujisikia vibaya namna ile. Nikaenda mpaka kwa Siraj, mwenye bodaboda wangu, ambaye alikuwa ameshawasha pikipiki. Nilichotakiwa ni kupanda tu. Nikageuka kutazama.

Nyuma yangu kwenye foleni walikuwa watawa wale, wanafunzi wa sare, na mzee mwenye jogoo. Wenye mizigo wote walikuwa Kasindi kwenye chai. Tangu mpaka huu uchorwe, foleni haijawahi kuwa na watu waaminifu kiasi kile, na ilibidi iwe siku ya mtihani wa mwanangu.

"Namba kumi na moja!" sauti ya Amoding ikafika hadi kwetu. "Dakika imebaki mbili. Iko mtu ama hakuna?"

"Hakuna, afande."

Amoding akafungua kalamu.

Mjinga yule! Nilitaka kumzaba kofi mbele ya watawa. Nimsomeshe kwa mgongo wangu, nimwombee barua kwa Kosiya, nipigwe na jua la Kasese, halafu aitupe kazi kwa kunionea huruma? Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawasemi kwamba mzazi huyo atakuwa amefungwa vitenge saba kwenye jua la saa sita.

"Mama, tuende," Siraj akasema.

"Zima," nikamwambia.

Nikarudi. Askari wa kamba nikamwambia nimesahau kitu. Nikasimama hatua mbili mbele ya Ithungu, nikadondosha leso yangu, nikajaribu kuiokota. Niliinama kama mchi unavyoinama, yaani sikuinama. Nikajaribu tena ili hata kipofu aone. Jasho la shingoni sikuhitaji kulitafuta.

Ithungu aliitazama leso, akanitazama mimi. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Okota kazi yako," nikamwambia kwa Kikonzo, taratibu.

Akajifuta macho kwa bega la fulana. Kisha akanyoosha mgongo.

"Mama, wewe ya kilemba! Simama hapo! Usiguse kitu!"

Tangu azaliwe, Ithungu hajawahi kunisemesha Kiswahili. Kwetu Kiswahili ni lugha ya soko na ya bunduki, na nyumbani hatuitumii hata tukigombana. Iliniingia mwilini kupita vile vitenge.

"Iko nini ndani ya nguo?"

"Iko mama ya watu," nikajibu kwa sauti, foleni isikie.

Wakaniingiza hemani, Ithungu na Amoding na mimi. Kitenge cha kwanza mwanangu alikifungua akitazama pembeni. Kufikia cha tatu alikuwa amezoea, akaanza kuvikunja mara tatu na kuingiza pindo ndani, mkunjo wetu sisi wauza vitenge. Nikamkanyaga mguu. Akavuruga, akakunja kama askari.

"Jina?" Amoding akauliza.

"Mbambu."

"Mbambu nani?"

"Mbambu tu, afande."

"Ya wapi?"

"Ya Bwera."

Akaandika yote kwa makini. Kwa maelezo yale angeweza kukamata nusu ya wilaya, na mama Enid wa kwenye fomu akabaki raia mwema.

Vitenge sita vilikuwa mezani. Kilibaki cha saba, cha kijani chenye ndege, na karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa karibu na goti langu. Ithungu aliiona. Akainama, yeye anaweza, akaibandua kwa ukucha wa kidole gumba na kuifumbata mkononi.

"Ni sita, afande," akasema. "Hii ya mwisho ni nguo yake mwenyewe."

Amoding akakitazama kitenge cha kijani, kisha akavitazama vile sita, hasa cha njano. Alikishika pembe, akakipima ulaini.

"Sawa. Mama, enda. Siku ingine, jela. Namba kumi na moja, umepita."

Jioni Ithungu alirudi nyumbani, akaweka ile karatasi ya kiwandani mezani, mbele ya chai yangu. Sikulia. Jikoni kulikuwa na moshi.

"Mama," akasema, kwa Kikonzo sasa, "nikiwa zamu usipite."

"Nipite ukiwa hupo?"

"Usipite kabisa."

Nimeacha. Jamidah amepata mwanamke mwingine, mwembamba mno, hajui hata kujifunga. Nampa miezi miwili. Mimi nachoma ndizi kwenye stendi ya bodaboda, mgongo unanishukuru, na kila asubuhi nawaona wanaotoka getini, nawajua wote, na mdomo wangu nautumia kupulizia mkaa. Uchungu bado ninao. Kazi niliyoijua kuliko mtu yeyote Bwera niliimaliza kwa mkono wangu, kwa leso moja.

Siku ya gwaride la kuhitimu nilivaa kile kitenge cha kijani, nimekishona gauni. Wazazi tulikaa safu ya pili. Safu ya kwanza, mbele yangu kabisa, aliketi Afande Amoding, bila sare siku hiyo, amevaa gauni la njano. Mshonaji wake ni hodari kuliko wangu. Akageuka.

"Mama, kitenge yako mzuri," akasema.

"Na yako pia, afande."

Ithungu akapita mbele yetu na wenzake, buti zikigonga chini. Akatuona wote wawili, gauni la njano na la kijani, kisha akageuza macho akatazama mbele. Hapo nikajua kwamba kweli amefuzu.