Mgonjwa wa Mazoezi

Kila Jumanne saa tatu kasorobo Nekesa alivua viatu, akavipanga chini ya dirisha, akapanda kitanda cha tatu katika nyumba moja ya Buruburu iliyogeuzwa kuwa chuo. Zamani kilikuwa chumba cha watoto. Michoro ya kalamu ilikuwa bado ukutani, chini, kimo cha goti. Alijifunika leso yake mwenyewe, kwa sababu shuka za chuo hakuziamini. Kisha akaanza kufa.

Kazi hiyo aliipata kanisani. Mchungaji alitangaza kwamba chuo kinatafuta mtu mzima, mtulivu, wa kujifanya mgonjwa, ili wauguzi waliokuja kusomea tiba shufaa wajizoeze kwake. Tiba shufaa, akaeleza, ni kumtunza mtu ambaye hatapona, asife kwa mateso. Waumini wote wakageuka kumtazama Nekesa. Alikuwa amemuuguza mumewe Wasike miezi saba, saratani ya mifupa, na hospitali haikuwahi kumpa kitu kilichopita panado. Chuoni hakuhitaji kufundishwa kuigiza. Alilala tu, akawa Wasike.

Wauguzi wenyewe walikuwa watu wazima, wenye miaka mingi wodini. Aliyemtia Nekesa shaka kuliko wengine ni Lydiah, mama wa makamo aliyevaa soksi nene. Lydiah hakumsimamia mtu kichwani. Alivuta kiti, akakaa, akamwomba mgonjwa aonyeshe maumivu kwa mkono. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Kila kidole kinachofunguka, maumivu yamezidi. Vitano ni yale yasiyobebeka. Nekesa akafungua vitano, kama Wasike alivyofungua hadi akazikwa hivyo, maana vidole vilikataa kukunjika na jeneza likafungwa hivyo hivyo. Lydiah akapima mofini ya maji kutoka chupa ya kijani, akamnywesha saa nne kamili, akaandika, akasema atarudi saa nane.

Saa nane akarudi. Hapo ndipo Nekesa alipoanza kuangalia sawasawa. Muuguzi anayerudi saa aliyosema, anatafuta nini?

Halafu ile dawa. Aliizungusha mdomoni akaona ni maji na rangi ya juisi. Mwalimu Wakiuru hakukana. Mofini ya kweli, alisema, imo kabatini, katika kliniki ya ghorofa ya chini ya chuo hicho, na ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni mwake. Ila haitoki bila karatasi ya daktari, na daktari huja Alhamisi. Nekesa akaenda kuketi kwenye benchi la kliniki Alhamisi tatu mfululizo, akijifanya anapumzisha miguu. Aliona paka na mtu wa kusoma mita ya stima.

Jumanne ile ya kwanza aliyonyweshwa na Lydiah, aliporudi kwake Kayole jioni, alimkuta Wasike kwenye stuli nje ya mlango, ndani ya suti aliyozikwa nayo, vidole vinne vimefunguka na kimoja kimekunjwa. Nekesa akamwamkia, akafungua kufuli, lakini hakumkaribisha mara moja. Kwao mfu harudi bure. Hurudi ana neno, ama jina halijaitwa, ama kuku hajachinjwa. Akamwuliza ametumwa na nani. Wasike akasema hakutumwa. Maumivu yamepungua tu tangu saa nne asubuhi, akaona atoke kidogo.

Maina, msimamizi wa ploti ya ghorofa walimopanga, alipanda kuuliza kama mzee atalala hapo, kwa sababu mitungi ya maji hugawanywa kwa vichwa. Nekesa akajibu kwamba haogi.

"Basi haina noma, mathe," Maina akasema, akashuka.

Kufikia Jumanne ya nne Wasike alikuwa amekunja ngumi. Alilala ubavu wa kushoto, ubavu uliomshinda alipokuwa hai, akakoroma. Nekesa alimshukuru Mungu akiwa amepiga magoti. Moyoni lakini alikuwa na hesabu nyingine. Ikiwa maji ya juisi, yakija kwa saa yake, yamemtuliza mtu aliyeoza miaka sita, ile iliyofungiwa kabatini ingemfanyia nini aliye hai?

Aliye hai alikuwa upande wa pili wa ukuta. Ruqaiya, fundi cherehani, binti wa Muhidin, alikuwa na saratani ya titi, na tangu Ramadhani alikuwa akiguna hadi vyombo vya Nekesa vikawa vinajibu kabatini. Alikuwa na kadi ya kliniki ile ile. Kila Alhamisi mpwa wake Lela aliipeleka kadi, na kila Alhamisi kadi ilirudi peke yake, bila dawa.

Nekesa aliomba msamaha kwa Mungu, akafunga kichupa cha mazoezi ndani ya kitambaa cha kichwa, akatoka nacho chuoni, akamnywesha Ruqaiya saa nne na saa nane. Ruqaiya akalamba midomo.

"Mama Mourine," akasema, maana ndivyo ploti nzima ilivyomwita, "hii ni juisi. Na hata sukari mmeninyima."

Vidole vilibaki vitano. Ilikuwa wazi kwamba dawa ile ilifanya kazi kwa waliokufa tu.

Ndipo Nekesa akaamua kumpeleka Ruqaiya kwenye mtihani wa mwisho wa wauguzi. Mtahini angekuja kutoka nje ya chuo, watu wenye vyeo wangekuwa chumba kimoja, na kabati lingekuwa chini ya miguu yao. Nani angemtazama mwenzake machoni akatae? Siku hiyo Maina na Lela wakamteremsha Ruqaiya kwa kiti, ghorofa nne. Nekesa akamwambia mwalimu Wakiuru kwamba koo limemkauka, amemleta mwenzake anayeijua kazi. Wakiuru akamwangalia Ruqaiya, mifupa na macho, akasema anafaa.

Mtahini aliitwa Bwana Barre, mtu mpole mwenye kalamu mbili. Lydiah akavuta kiti, akamshika Ruqaiya mkono. Vitano. Akafunua upindo wa buibui kifuani, akaona bandeji, akaushusha taratibu.

"Huyu haigizi," akasema.

Bwana Barre akaeleza kwamba hilo ndilo lengo; mwigizaji mzuri huonekana haigizi. Akamwomba aendelee. Lydiah akasema mama huyu anahitaji mofini ya kweli, tena sasa. Bwana Barre akaandika: kutambua hitaji, kumi kwa kumi. Akamwuliza basi atafanya nini. Lydiah akataja dozi na saa zake bila kukosea, akasema lakini muuguzi haruhusiwi kuiandika. Jibu sahihi, akasema Bwana Barre. Wengi huanguka hapo.

Nekesa alikuwa mlangoni. "Mwalimu, kabati liko chini yetu. Na ufunguo unao."

Wakiuru akaugusa ufunguo, kama mtu anayehakikisha haujaondoka. Akasema ufunguo anao, karatasi hana. Daktari ni Alhamisi.

"Alhamisi ya mwezi gani?"

Akaombwa ashushe sauti, mtihani unaendelea. Juu ya sinia hapakuwa na kitu kingine, basi Lydiah akapima maji ya kijani, na Ruqaiya akayanywa kwa adabu. Bwana Barre akampongeza kwa uigizaji wake.

Lydiah akawa wa kwanza darasani. Kabla ya kurudishwa kazini kwake, chumba cha chanjo, alikuja Kayole, akamgeuza Ruqaiya, akampanga mito, akamsafisha kinywa, na kidole kimoja kikakunjika hadi magharibi.

"Sista, si umehitimu?" Nekesa akamwuliza.

"Nimehitimu, mama. Dozi naijua, saa naijua, hata kuomba msamaha tumefundishwa. Karatasi tu ndiyo sina."

Ruqaiya alifariki kabla ya Alhamisi yoyote yenye daktari. Alizikwa siku ile ile, mkono wazi ndani ya sanda.

Januari likaja darasa jipya. Nekesa akavua viatu, akajifunika leso. Muuguzi kijana akavuta kiti, akamwuliza jina.

"Ruqaiya binti Muhidin," akasema, akafungua vidole vitano.

Akanyweshwa saa nne, na saa nane. Jioni cherehani ilikuwa ikilia upande wa pili wa ukuta, na Lela alikuwa amesogeza meza ya pasi ili shangazi yake apate nafasi. Wiki ya pili Ruqaiya alimpunguzia Wasike suruali ya suti. Akamwambia aliyeishona hakumpenda.

Mwezi Machi, Mzee Mulongo wa ghorofa ya juu akaanza kuguna. Wanawe wakamchukulia kadi kule kule kliniki ya Buruburu. Jumapili baada ya ibada Nekesa alipanda na kiti chake, akakaa karibu na kitanda, akamwuliza maumivu yanaanzia wapi, yanachoma ama yanakata, na akikohoa hushika wapi. Mulongo alimjibu moja moja. Akamshukuru, akasema hata huko kliniki hakuna aliyemwuliza hivyo. Nekesa akamwomba aseme tena, polepole, na kila Mulongo alipokunja uso, naye akaukunja wake.