Mkanda wa Tano

Mimi Sakhu nimeuza dengu za kukaanga mlangoni pa Sinema Surya, hapa Girgaon, mtaa wa Bombay, tangu sinema yenyewe ilipokuwa hema la turubai na malkia wote wa kwenye picha walikuwa wanaume waliovaa sari. Basi usinifundishe habari za picha. Nani kampenda nani, nani katoroka na vito vya nani, yalipita kwangu kwanza ndipo yakafika magazetini. Ila hili la Dagdu sikulipeleka popote, kwa sababu mkono wangu umo.

Dagdu alikuwa msomaji wetu. Picha zilikuwa bubu, maneno yakitokea yameandikwa, na wateja wetu, wabeba mizigo na wanawake wa viwanda vya pamba, hawakujua a wala be. Dagdu alisimama kando ya pazia na fimbo yake akawa mfalme, akawa mjane, akawa tembo. Watu walimfuata yeye kuliko picha. Kisha mwaka jana zikaja picha zinazosema, zenye nyimbo thelathini, arobaini, na jumba la ng'ambo ya barabara likafunga vipaza sauti. Kwetu wakabaki kunguni.

Jumatano moja alinijia midomo imemkauka.

"Dada Sakhu, anaiuza."

"Nani? Anauza nini?"

"Bosi Framroze. Mikanda yote ya bubu. Jumatatu wanakuja wale waoshaji."

Nikaacha kukaanga. Waoshaji huichemsha mikanda kwa magadi ili wapate madini ya fedha yaliyomo, na utando unaobaki hutengenezwa bangili. Nusu ya wanawake wa Bombay wamevaa wafalme na miungu mikononi, wala hawajui.

Na katika mkanda wa tano wa picha ya mungu Rama akiwa mtoto alikuwamo Chimi, binti wa Dagdu. Alichezeshwa Rama akiwa na miaka sita, maana wenye watoto wa kiume waliogopa husuda. Rama analilia mwezi. Mama yake anaweka sahani ya maji uani, mwezi unatua ndani yake. Mtoto anakuja mbio, anainama, anacheka. Basi. Haifiki hata dakika. Mwaka uliofuata homa ikamchukua Chimi, na picha nyingine yake haikuwahi kupigwa.

"Sura yake imeanza kunitoroka," Dagdu aliniambia. "Nikimkumbuka, namkumbuka na pua ya mama yake."

Nikamshika mkono hadi kwa Framroze, mwenye jumba, aliyekuwa akichovya biskuti kwenye chai.

"Nikikupa wewe mkanda mmoja, kesho mfagiaji naye atataka wake," alisema.

"Bosi, ni mwanangu yule."

"Na hili jumba ni mwanangu mimi. Litazame linavyokufa." Biskuti ikamkatikia kwenye kikombe. "Haya. Nijazieni jumba kwa picha hiyo mara moja tu, Jumamosi, saa tisa alasiri. Viti vyote. Likijaa, mkanda wa tano ni wako. Kikibaki kiti kimoja, usije ukanililia."

"Bosi, umeahidi mbele ya Sakhu," nikamwambia. "Jiji zima limeshasikia."

Kujaza jumba! Hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Alhamisi na Ijumaa sikuuza hata punje. Nilipita vichochoro vyote, bombani, kwenye ngazi za nyumba za wafanyakazi. Mwanzoni walinicheka. "Mama Sakhu, picha bubu? Nina mume bubu nyumbani, namtazama bure!" Hapo nikaona tunazama, na ulimi wangu ukafanya ulilozoea. Nikamvuta mmoja pembeni, nikamnong'oneza: "Usimwambie mtu. Mtoto yule wa kwenye picha amekwisha kufa. Mwanamke akimzungushia taa ya ibada mara saba mbele ya uso wake, tumbo hufunguka."

Ukitaka jambo lienee Girgaon, sema usimwambie mtu.

Jumamosi viatu vilirundikana mlangoni kama mbele ya hekalu. Walikaa vitini, wakakaa chini, wakakaa mapajani. Framroze mwenyewe alikosa kiti. Dagdu alivaa koti la harusi yake, na sauti yake siku hiyo, wallahi, hata kunguni walisikiliza. Gafur, mwendesha mashine, alizungusha mpini wake kwa mkono kule chumbani juu kama miaka yote.

Ukaja mkanda wa tano. Uani, sahani, mwezi majini. Chimi akaja mbio.

Wanawake wakasimama na taa zao. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mtoto tayari anainama.

"Simamisha!" mmoja akapiga kelele. "Bado nne!"

"Simamisha, we Gafur, usininyime mtoto!"

"Siwezi!" Gafur alijibu kupitia tundu la ukuta. "Mkanda ukisimama mbele ya taa hii unaungua! Dagdu, waambie!"

Dagdu alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini alikuwa amewapa watu kisogo, anamtazama mwanawe, fimbo imemwanguka.

"Polepole, Gafur," alisema. "Kidogo tu, ndugu yangu. Nimwone pua."

Gafur akapunguza mkono. Kicheko cha Chimi kikafunguka taratibu, jino moja halipo. Mara nne. Mara tano. Mara sita. Kisha doa jeusi likatokea shavuni, kama lile tunalowapaka watoto kuzuia kijicho, na wanawake wakashangilia wakidhani ni baraka. Doa likapanuka, likala shavu, likala jicho, pazia likawa jeupe tupu. Juu kule Gafur alikuwa akipiga mayowe.

Tulitoka wote salama, ila viganja vya Gafur. Mkanda wa tano uliteketea karibu wote kabla ndoo ya mchanga haijamwagwa. Alichowahi Gafur kunyofoa ni kipande cha urefu wa shubiri.

Framroze alimwendea Dagdu pale barabarani, akitazama viatu vyake mwenyewe. "Jumba lilijaa," alisema. "Nimeahidi. Ni wako." Akampa kile kipande.

Dagdu hakuniuliza nani aliwaambia wanawake mambo ya mara saba. Nilikaa karibu naye nikisubiri aniulize. Tangu siku ile nasubiri.

Akakiinua kipande kwenye jua, nami nikachungulia begani kwake. Vipicha kumi, labda kumi na viwili, vyote sawa: uani, sahani ya maji, mwezi ndani. Mtu hakuna.

"Bado hajaingia," Dagdu alisema. "Yuko njiani."