Njia ya Kurudi

Kwa miaka kumi na tisa Mama alikuwa mpanga safari wa magari ya vifurushi, na hakumvumilia mtu wa kumwambia "mzigo uko njiani" bila kutaja njia ipi. Jumamosi ile, saa nane mchana, fundi wa kampuni ya intaneti alikuwa akimwambia karibu maneno hayohayo kwenye simu.

Saa kumi binti yake kitindamimba angecheza mechi ya mwisho ya mchujo wa michezo ya kompyuta. Wiki tatu nzima alikuwa akifyatua wa kwanza na kufa wa kwanza, kwa kuwa kila alichobonyeza kilifika kimechelewa. Seva ya mchezo ilikuwa mjini humohumo, lakini pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ilisoma milisekunde mia mbili arobaini. Nahodha wa timu hakutaka kusikia habari za pingi. Alisema binti ana mkono mzito wa kubonyeza, na akiharibu leo nafasi anapewa mwingine. Binti mwenyewe alishaanza kuamini, na hilo ndilo lililomchoma Mama.

"Zima ruta, Mama, hesabu mpaka thelathini, kisha uwashe," fundi alisema.

"Mwanangu, tumeizima na kuiwasha mpaka kitufe kinaomba likizo. Niambie ujumbe wetu unapita wapi."

"Nimeufuatilia mpaka kwenye seva. Vituo vinne, vyote vya hapahapa. Seva yao tu ndiyo nzito kujibu."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, Mama aliwaza.

"Hiyo njia ya kwenda. Ya kurudi umeiangalia?"

"Si ni ileile?"

"Nani kakwambia? Gari langu likichelewa, siulizi limekwendaje. Nauliza limerudi kupitia wapi. Waambie wenye seva wafuatilie kuja kwenu."

Fundi akaguna, kama mtu aliyegundua amevaa shati nje ndani. Akaomba asubiriwe. Mama akaiweka simu kwenye spika, akakunja nguo kwa hasira.

Saa kumi kasorobo fundi alirudi na sauti ya unyonge. "Majibu ya seva kuja kwenu yalikuwa yanavuka bahari kwanza. Tulihamisha mitambo, tukakosea kupanga njia. Mtaa wenu wote umeteseka. Nimerekebisha."

"Asante, mwanangu. Sikati simu mpaka nione namba."

Mia mbili arobaini. Mia mbili arobaini. Kumi na moja. Binti alisugua kioo kwa kidole, akidhani ni uchafu.

Katika mechi Mama hakuelewa nani anamfukuza nani. Raundi ya mwisho binti alibaki peke yake dhidi ya watatu, na Mama akashika kiti kwa mikono miwili. Mmoja akaanguka, wa pili, halafu wa tatu, kabla hawajamgusa. Kelele za nahodha zikavuja kwenye vipokea sauti, akiuliza leo amebadilika nini.

"Sijabadilika," binti alimjibu.

Kisha akavivua, akamgeukia mama yake huku machozi yakimtiririka.

"Mama, kumbe sikuwa mzito."