Mkono Usio na Bawaba

Maganga aliuweka mkono wa chuma juu ya meza ya seremala, akausukuma mbele kama mtu anayerudisha chakula kilichochacha.

"Huu sitauvaa tena, mama. Bora nilime kwa meno."

Atuganile aliweka randa chini. Tangu mumewe afariki mwaka 1975, ndiye aliyeiendesha karakana ile ya Mbalizi, na waliodhani angeifunga mara tu matanga yakiisha walikuwa wamekwisha kuchoka kungoja. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza. Mkono wa mtu hakuwahi kutengeneza.

Aliugeuzageuza. Ulikuwa na kulabu mbili nene, bawaba mbili na springi, na kila kiungo kilikuwa kimejaa tope gumu la Usangu. Maganga alikuwa amehamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Miaka miwili iliyopita mashine ya kukoboa mpunga ilimkata mkono wa kulia, na hospitali moja ya Iringa ikampa huu wa chuma.

"Maksai waliona nyoka," alieleza Maganga. "Mimi nimeshika plau, tope limeziba bawaba, mkono haufunguki. Wakaniburuta shamba zima." Alipandisha shati, akaonyesha kovu refu ubavuni. "Sasa mdogo wangu Budeba anasema nimwachie plau, nikae nyumbani nichunge kuku. Mimi, Maganga, nichunge kuku!"

"Na hospitali wanasemaje?"

"Wanasema nitie grisi."

Atuganile alicheka bila kutaka. "Haya, unataka mkono wa namna gani?"

"Unaoshika nikitaka na kuachia nikitaka. Usio na mahali pa kuingia tope."

Alipoondoka, Atuganile alikaa na maneno hayo. Tope huingia kwenye viungo. Basi mkono usiwe na kiungo hata kimoja. Uwe kipande kimoja cha mti, mti wenyewe ukivutwa kwa kamba upinde na kufumba, ukiachiwa ufumbuke, kama koleo la mwanzi ambalo bibi yake alitolea makaa jikoni.

Kusema kulikuwa rahisi. Mkono wa kwanza aliuchonga kwa mbao ya msindano kutoka Mafinga. Ulikatika kamba ilipovutwa mara ya kwanza. Wa pili aliuchonga kwa mti ambao wazee walichongea pinde, akauacha mnene ili uwe na nguvu. Ukakataa kupinda, na alipoulazimisha ukapasuka penye shina la vidole. Wa tatu akaunenepesha zaidi, ukapasuka mapema zaidi. Dada yake Yudith, aliyekuwa akiishi naye, akaanza kuchemshia chai mikono hiyo.

"Kuni nzuri hizi," alisema Yudith. "Zimepigwa randa kabisa."

Siku ya Jumamosi upepo uliubamiza mlango wa jikoni. Jiko lilikuwa la mianzi, limekandikwa udongo na kupakwa chokaa, na mlango ulipojibamiza chokaa ilidondoka pale pale ilipodondoka siku zote: karibu na mwimo, mahali ukuta unapotikisika. Kwingine chokaa ilikuwa imetulia kama ganda la yai. Atuganile alisimama na sufuria mkononi akitazama. Kisha akaubamiza mlango tena mwenyewe, mara tatu.

"Una wazimu?" Yudith aliuliza.

"Niletee brashi."

Alichonga mkono wa nne, akaupaka chokaa nyepesi, akauanika hadi ukakauka. Akaubana kwenye jiliwa, akavuta kamba. Nyufa zikatokea, nyembamba kama nywele, zimesongamana penye shina la vidole. Mahali pengine pote chokaa haikuguswa.

Hapo akaelewa kosa lake. Alikuwa akirundika mti mahali pasipofanya kazi, na unene ule ndio uliosukuma mpindo wote uangukie sehemu moja, mpaka ikashindwa. Alichukua mkaa akaweka alama kila mahali chokaa ilipokuwa safi, akapatoboa kwa msumeno mwembamba. Karibu na nyufa zilizosongamana alipunguza mti taratibu kwa tupa, mpindo upate nafasi ya kuenea. Akapaka tena, akavuta tena, akasoma nyufa, akakata. Mara kumi na moja. Mwishowe ulibaki mti wenye matundu na mbavu nyembamba zilizopishana, kama mzizi uliooshwa na mto.

Maganga alifungiwa kwa mikanda ya ngozi, kamba ikapita mgongoni hadi bega la kushoto. Alipolinyoosha bega, vidole vya mti vilifumba juu ya mpini wa nyundo. Alipolilegeza, vikafumbuka vyenyewe. Alishika, akaachia, akashika, akaachia. Yudith aligeuka, akajifanya anatafuta kitu nje.

Habari zilifika Iringa. Haikupita wiki mbili, gari la hospitali likasimama mlangoni, na Liberatus, fundi wa viungo bandia aliyeutengeneza ule mkono wa chuma, akashuka. Bahati ilikuwa kwamba Maganga amekuja siku hiyo kukazwa mikanda. Liberatus aliukagua mkono kwa makini.

"Ngozi hii itaoza majini," alisema. "Ipake nta."

"Hapo umesema kweli. Nitaipaka."

"Lakini mkono wenyewe haufai, mama. Kazi hii nimeisomea miaka mitatu. Huu ni mti uliotobolewa tobolewa. Tia bati la chuma hapa, na bawaba hapa."

"Ukitia bati hapo, utavunjika hapa."

"Umejuaje?"

"Nimeona chokaa ilipopasuka."

Liberatus alitabasamu kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomkera Atuganile kuliko tusi. "Acha kazi hii mpaka wataalamu waikague," alisema Liberatus. "La sivyo nitakuandikia barua."

"Andika. Lakini kwanza twende Usangu, ukakione unachokwenda kukiandikia."

Walilala kwa Maganga, na asubuhi akafunga maksai wanne. Budeba alisimama pembeni amefumbata mikono, na majirani wakajaa. Maganga alilima mstari, akageuza, akarudi. Liberatus alimfuata nyuma, viatu vikizama. Katika mstari wa tano plau ilikwama kwenye kisiki, maksai wakavuta kwa nguvu, plau ikaruka. Maganga akalegeza bega. Mkono ukafumbuka. Plau ikaenda hatua tatu bila yeye, ikaanguka, na Maganga akabaki amesimama kwa miguu yake miwili.

Aliiinua, akaendelea hadi jua likawa la utosi. Hapo ubavu mmoja mwembamba wa mkono ukapasuka kwa mlio. Liberatus akaruka mbele.

"Si nilisema? Umevunjika!"

Maganga aliunyanyua mkono mbele ya uso wake, akaufumba na kuufumbua. "Bado unashika. Mkono wako wa chuma haukuvunjika hata kidogo, bwana. Niliyevunjika ni mimi."

Budeba alikwenda akawashika maksai, akamngoja kaka yake awe tayari kwa mstari mwingine.

Barua ilikuja hata hivyo, imepigwa mhuri, ikimwamuru Atuganile aache mara moja kutengeneza viungo vya binadamu. Aliisoma mara mbili, akajibu kwa kalamu ya wino: "Nimeipokea. Sitaacha." Kisha akaurudia ubavu ule uliopasuka, hakuunenepesha, aliurefusha. Kufikia mavuno watu wanne walikuwa wamevaa kazi yake. Barua ya pili ikaja, kali zaidi, akaijibu kwa maneno yale yale.

Mwezi wa nane alifika mwanamke aitwaye Apolonia, mchuma chai wa Mufindi, hana mkono wa kushoto. Alikuwa na karatasi yenye vipimo vilivyoandikwa kwa hati safi, ile ile ya barua za hospitali, bila jina wala mhuri.

"Nani kakupa?"

"Bwana mmoja kule Iringa. Alisema nisimtaje."

Atuganile alivisoma vipimo vyote. Halafu akachukua uzi, akamkalisha Apolonia kwenye kigoda, akampima upya mwenyewe. Kipimo kimoja kilikuwa kimekosewa; akakisahihisha, akachukua msumeno.