Hita ya Mwalimu Obedi

Mwalimu Obedi alilipenda gari lake kuliko alivyolisikiliza. Lilikuwa gari dogo kuukuu, rangi imepauka, mlango mmoja unafunguliwa kwa kuubembeleza. Lakini hita yake ilifanya kazi, na katika baridi ya Kasulu jambo hilo lilimpa kichwa kikubwa mbele ya walimu wenzake.

Kwa hiyo fundi Majaliwa alipoinua zulia la upande wa abiria na kulikuta limelowa maji ya rejeta, Obedi hakutaka kusikia.

"Mwalimu, hita imetoboka humu ndani ya dashibodi," Majaliwa alimwambia. "Acha niunganishe hii mipira miwili ya maji, yasipite tena huku. Nusu saa tu. Hita ndiyo basi, lakini utakuwa salama."

"Jumamosi namfuata mama mkwe Kibondo. Nimlete na baridi?"

"Basi usiifungulie. Ukiifungulia, maji ya moto yataishia miguuni kwa mtu."

Obedi akafanya wafanyayo wenye haraka: akavunja mayai mawili ndani ya rejeta, yaivie humo yazibe tundu. Siku tatu zulia likakaa kavu, naye akajiona fundi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba anayeumbuka anaweza kuwa mmoja na anayeumia akawa mwingine.

Ilikuwa Machi 2013. Asnath, mkewe, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza kwa upasuaji. Hawezi kuinama, hawezi kubeba ndoo, na kila siku anamlilia mama yake aje amuuguze. Obedi alikuwa ameahidi kumleta, na ahadi hiyo ilimkaa rohoni.

Sasa, kwa kina Asnath ukwe una sheria zake. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana Jumamosi, Obedi alipomfuata mama Kibondo, alikuja pia Winifrida, dada yake Asnath, awe mdomo wa wote wawili. Mama, Bi Odilia, angepaswa kukaa nyuma, lakini siti ya nyuma ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi, maharage, unga wa ulezi wa uji wa mzazi, na kuku wawili. Winifrida mwembamba ndiye aliyeweza kujipenyeza humo. Mama akakaa mbele, amevaa soksi nene na viatu vya plastiki, kitenge kimemfunika mpaka chini, uso ameuelekeza dirishani.

"Winifrida, mwambie mkwe namshukuru kwa kunifuata," alisema.

"Winifrida, mwambie mama tutafika mapema," Obedi akajibu. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, na maneno yao yanazungukia nyuma kwenye kuku.

Winifrida alikuwa amekesha akifungasha mizigo. Hata saa moja haikuisha, akawa amelala fofofo.

Mvua ikaanza. Kioo kikaingia ukungu, na Obedi akamsikia mama mkwe akitetemeka. Akaona aibu kumwacha hivyo. Kidogo tu, alijiambia, akaifungulia hita.

Kwa muda kulikuwa na joto zuri. Kisha kioo kikazidi kuwa na ukungu, safari hii wa utelezi, usiokubali kitambaa. Kwa pembe ya jicho aliona kitenge kikitikisika. Mama alivuta miguu juu, akairudisha. Lakini kumtazama mama mkwe miguuni ni aibu ya kusimuliwa miaka kumi, basi akakaza macho kwenye tope la barabara. Mama akakohoa mara mbili. Obedi akadhani baridi bado inamsumbua, akaongeza joto.

Mshale wa joto la injini ulipopanda, alisimama penye kijito, akasubiri, akajaza maji. Rejeta ilimeza lita tano nzima. Hapo moyo wake ulijua. Angeweza kumwamsha Winifrida na kumwambia, muulize mama kama ana maji miguuni. Lakini ingejulikana kwamba amemfuata mama mkwe kwa gari bovu, naye akijua. Akafunga boneti, akaizima hita, akajiambia yamekwisha.

Kasulu, Asnath aliwapokea mlangoni, ameshika tumbo, anacheka na kulia. Mama hakushuka.

"Winifrida," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie mkwe atangulie ndani."

Obedi hakutangulia. Winifrida akainua kitenge, akamvua kiatu, maji yakamwagika. Soksi ilitoka na ngozi.

"Mama, kwa nini hukusema?" Asnath akauliza.

"Nimwambie nani? Winifrida alikuwa amelala."

Asnath akamgeukia mumewe. "Ulijua linavuja?"

"Nilijua," alisema Obedi.

Zahanati walimfunga mama bandeji miguu yote miwili, wakasema asikanyage chini wiki tatu. Aliyekuja kuuguza akalazwa kitanda kimoja na mgonjwa wake. Jumapili jioni Obedi alimkuta Asnath anainua ndoo huku ameuma midomo, mkono mmoja kwenye mshono. Akampokonya. Ni yeye aliyekoroga uji wa ulezi, ukashika chini, na ni yeye aliyemwogesha mtoto, huku mama na binti wakimwelekeza wakiwa kitandani.

Winifrida alikuwa amerudi Kibondo kwa basi Jumapili hiyo asubuhi, kwani alikuwa ameacha watoto wadogo. Asubuhi ya Jumatatu bandeji zilitakiwa kubadilishwa, Asnath hawezi kuinama, na nyumbani hapakuwa na mtu wa tatu.

Obedi aliingia na beseni la maji yaliyochemshwa na kupoa. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama," alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza kwake. "Nisamehe. Fundi aliniambia, nikaziba masikio."

Bi Odilia aligeukia ukutani, akavuta kitenge kikamfunika kichwa, kisha akamnyooshea mguu.